Masalio Husomwa Kutoka Chini

Mama Mutheu,

Ni wiki tano tangu tukuzike. Paa la jikoni limezibwa, Mutheu amerudi kazini Athi River, na kalamu yako nyekundu bado iko kwenye mkebe wa vijiko ulikoiacha. Nina habari moja ya kukupa, nayo inakuhusu.

Jumamosi alikuja Kavata, yule mwanafunzi wako wa kompyuta kutoka Masii. Alitoa pole, akanywa chai, kisha akakunjua karatasi yake ya mtihani. Ameanguka kwa alama chache na chuo kimemwambia arudie muhula. Hakulalamika.

"Baba, mwalimu alituambia hesabu hii alikufundisha hapa mezani," alisema. "Nionyeshe tu nilipokosea."

Unaikumbuka siku hiyo. Ofisini kwetu gazetini walikuwa wametuletea kompyuta, nami sikutaka kuandikia mashine nisiyojua inavyohesabu. Ukanipa ishirini na sita. Niigawanye kwa mbili mpaka iishe, nikiandika kila salio: sifuri, moja, sifuri, moja, moja. Nikayasoma kutoka juu, kwa sababu katika habari jambo zito hukaa juu. Ulicheka.

"Baba Mutheu, hapa zito liko chini. Anza chini."

Ikawa 11010, ishirini na sita kwa lugha ya mashine ya sifuri na moja. Na nilipotimiza miaka hamsini uliwatangazia wageni kwamba nina thelathini na mbili tu: kumi na sita mara tatu, ongeza mbili, kwa ule mfumo wako wa kumi na sita. Kaka yako aliuliza kama soda yako ilikuwa na kitu.

Swali la Kavata lilikuwa ishirini na sita ile ile. Alikuwa ameandika 11010. Kalamu yako ilikuwa imeikata na kuandika kando 01011. Kwa lugha hiyo ya mashine, hiyo ni kumi na moja.

Nilirudia mara tatu, kama ninavyorudia jina la mtu kabla ya kulichapisha. Kisha nikamwambia hakukosea, aliyekosea ni mwalimu. Alilia. Mimi niliosha vikombe.

Jumatatu nilikwenda chuoni, na mkuu wa chuo akanisihi tuyaache. Mwalimu amelala, alisema, na nani atajua?

"Kavata anajua," nilimjibu.

Tukatoa karatasi zote thelathini. Ishirini na nne za kwanza hazina kosa. Katika sita za mwisho mwandiko wako unapanda nje ya mstari, na masalio yote umeyasoma kutoka juu. Ni zile ulizosahihisha kitandani Alhamisi ile ya mwisho, nilipokuuliza kichwa kilichokuwa kikikuuma kinaendeleaje ukasema umechoka tu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kumuuliza mtu swali lile lile mara tatu, nilikuuliza mara moja.

Zote sita zimesahihishwa upya. Kavata hatarudia muhula. Tangazo lililobandikwa mlangoni nililiandika mimi: kosa lilikuwa la msahihishaji, na msahihishaji alikuwa mgonjwa. Yote mawili ni kweli.

Mwezi ujao natimiza thelathini na tatu, kwa hesabu yako. Kavata ameomba kuja na wenzake wawili kufanya mazoezi mezani. Nitawaanzisha na ishirini na sita.

Pumzika, Mwende. Na Mutheu akiniambia amechoka tu, nitamuuliza tena.