Siku Miche Ilipotolewa Nje

Kilungu,
Jumapili, 6 Aprili 1986.

Kwako kaka Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi tu wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua asubuhi za baridi, na mvua imeanza juzi. Wewe je, joto la Sultan Hamud linakuacha ulale? Na kazi ya dukani inaendeleaje? Nijibu hayo ukipata nafasi, ingawa ukimaliza kusoma barua hii huenda usiwe na hamu ya kunijibu lolote.

Leo nimeanza kuandika mara tatu. Nakaa, naandika mstari mmoja, nasimama, naenda kufunua sufuria ambayo hata haina kitu. Mama ameniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Uliuliza mambo mawili: kama miche yako ya misonobari ilipona hata mmoja, na kama ni kweli mkeo Kaluki amerudi kwao Matinyani. Miche haikupona. Na Kaluki, ndiyo, ameenda, na mtoto wenu Mutie ameenda naye. Sasa wacha nikueleze.

Unakumbuka kuku walichakura kitalu cha kwanza, ukaagiza mbegu zilizobaki zioteshwe ndani, kwenye chumba chako cha zamani, katika pakiti za maziwa ya shule. Ilitoka miche mia moja na sitini, mirefu, myembamba, imepauka kama mboga iliyofunikwa. Mwisho wa Februari Bwana Jonah wa misitu akapita, akasema miche iliyolelewa gizani haitolewi nje kwa siku moja. Siku ya kwanza ikae muda wa saa moja tu kivulini, kesho yake saa mbili, ionje jua la asubuhi kidogo kidogo, na jioni irudi ndani. Wiki mbili hivyo, ndipo iachwe ilale nje. Nawe ukaandika kwamba siku itakapopandwa mpakani mwa shamba utakuja kumchukua Kaluki na mtoto mkaishi pamoja huko. Maneno hayo wifi yangu aliyarudia mpaka nikayakariri.

Haya. Tuliibeba juu ya ule mlango mbovu wa zizi, yeye mbele, mimi nyuma, ishirini kwa ishirini, safari nane za kutoka na nane za kurudi. Kaluki hakuchoka. Aligeuza kila mche upate jua pande zote, akazuia upepo kwa magunia. Mimi unanijua, kazi ya kungoja inaniwasha mwili. Siku ya tano nilimwambia miche hii inadekezwa kuliko mwanawe. Akacheka tu, akaniambia nishike mlango vizuri.

Siku ya sita ikaungua. Mama alirudi kutoka shambani saa tisa akaikuta yote katikati ya uwanja, imelala, rangi ya kahawia. Akaambiwa ilikuwa zamu ya Kaluki kuirudisha. Kaluki alipoingia na Mutie mgongoni, Mama alimfokea mpaka majirani wakasogea uani. Hakujibu neno. Unaijua nthoni yetu, ile haya ya mke mbele ya mama mkwe. Kaluki alilelewa nayo kabisa, mkwe akigomba yeye huinamisha kichwa. Sisi tukasema amenyamaza kwa sababu ana kosa.

Mama akaniita nimwandikie barua ya kukueleza. Ulipojibu, baada ya wiki mbili, mimi ndiye niliyesimama jikoni nikamsomea Mama kwa sauti kwamba mwanamke asiyeweza kutunza mche hawezi kumtunzia mtu nyumba, na asijisumbue kufunga mizigo ya kuja kwako. Kaluki alikuwa papo hapo akichambua maharagwe. Alimaliza kuyachambua, akayaosha, akayainjika. Asubuhi yake akaondoka.

Sasa niseme kabla sijasimama tena. Ni mimi, kaka. Siku ile Mutie alikuwa na homa, na Kaluki alitoka kabla ya jua kuchomoza kumpeleka kliniki Nunguni. Aliniomba niitoe miche kivulini tu, na ikifika saa nne niirudishe. Mimi nilikuwa na mazoezi ya kwaya na sikutaka kuyakatiza. Nikajiambia, ai, mti ni mti, utaogopaje jua? Nikaitoa yote peke yangu, nikaiacha juani tangu saa mbili, nikaenda kumwimbia Mungu. Niliporudi nikamkuta Mama ameshika kiuno, ulimi ukanitangulia. Mimi ndiye niliyesema ilikuwa zamu ya Kaluki. Na ile barua ya kumshtaki niliiandika kwa mkono huu huu, bila kuruka neno. Naona aibu, kaka.

Alhamisi nilipanda basi, nikafika Matinyani, nikapiga magoti uwanjani kwao. Kaluki aliniinua, akanipa uji. Alisema mimi alishanisamehe. Alijua nilimwogopa Mama, hata yeye humwogopa. Nikamwambia basi twende nyumbani. Akakataa. Alisema zile wiki mbili zote alikuwa akingoja bahasha yenye jina lake. Barua ikaja, ina jina la Mama. Ulimwandikia Mama, ukaniandikia mimi, hata Bwana Jonah ulimwandikia kuomba mbegu nyingine. Yeye hukumwuliza hata mara moja siku ile alikuwa wapi.

Mama nitamwambia nikishafunga bahasha hii. Na wewe, tafadhali, usinijibu mimi, wala usimwandikie Mama. Nenda Matinyani. Najua sasa unajua kila kitu, lakini muulize hivyo hivyo, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Sijui kama atarudi. Sikuthubutu kumwomba ahadi.

Wasalimie wote wanaotuulizia huko. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi, dada yako uliyemwamini,
Mumbua.