Wakesho Hatadungwa, Baba

Baba uliyelala Mbololo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Jana kaka Mwakio alinipigia simu hapa Voi, akasema shule zikifungwa nimpeleke binti yangu Wakesho nyumbani kwa sababu amefikisha miaka minane. Unajua maana yake. Ni ile desturi yako ya kila mtoto wa nyumba yetu kusimama kando ya mzinga, mkono wazi, adungwe mara moja, ati nyuki wamjue.

Zamu yangu naikumbuka vizuri. Nilidungwa karibu na kiwiko, pakavimba kidogo, ukanisugua kitunguu na kunipa kipande cha sega. Siwezi kukuficha, Baba, nilifurahi sana. Nilijiona mtu mzima.

Mwaka uliofuata, tukirina asali, nikadungwa tena na nyuki mmoja tu. Mwili wote ukatoka mabaka, midomo ikafura, koo likabana hadi pumzi ikawa inapiga filimbi kama birika. Mwakio alikuwa amedungwa mara kumi siku hiyohiyo, na yeye alikuwa anajikuna tu huku akicheka. Wewe ukaniambia, "Acha madeko. Mbona mwenzako hana neno?" Mama ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari la kunifikisha hospitali.

Hiyo "mbona mwenzako" yako imenifuata hadi leo. Ndugu zangu bado wananiita mtoto wa mayai.

Daktari alinieleza kwamba kila mwili una namna yake ya kuipokea sumu ya nyuki. Mmoja huwashwa, mwingine huvimba, mwingine hukosa pumzi. Tena mwili uleule unaweza kunyamaza mara ya kwanza, kisha mara ya pili ukageuka. Nilimweleza Mwakio yote hayo polepole. Akanijibu kwamba Wakesho alishadungwa shuleni na hakuvimba sana, kwa hivyo hana shida. Jamani! Hata mimi mara ya kwanza sikuwa na shida. Nilitamani kuitupa simu ukutani.

Nikampigia Mama anisaidie kumkanya. Ndipo akaniambia juu ya Mkamburi, dada yako mdogo, ambaye sikuwahi hata kusikia jina lake. Alidungwa akiwa mtoto kwenye mizinga ya babu, wewe ukiwepo, akafa kabla hajafikishwa nyumbani. Watu wakasema amerogwa. Wewe ukashikilia kwamba hakuwa amezoeshwa nyuki, ukaapa wanao utawazoesha mapema.

Hilo limenikata maini, Baba. Sasa najua ulikuwa unaogopa, na bado siwezi kukusamehe haraka hivyo. Miaka yote hiyo ulikaa kimya. Ungetuambia, Mwakio asingekuwa anashindana nami leo juu ya uhai wa mtoto wangu.

Nimemwambia Mwakio kwamba Wakesho haji. Amenikatia simu, na huenda asiniongeleshe mpaka Krismasi. Sawa tu. Jioni hii nitamketisha binti yangu nimweleze kwamba alikuwa na bibi aliyeitwa Mkamburi, na jinsi alivyokufa.

Pumzika, Baba. Mimi bado nina swali moja linaloniuma: siku ile koo langu lilipobana, ulikuwa umeshaona mtoto akifa hivyo. Ulikuwa unajua. Uliwezaje kuniambia niache madeko?

Ni mimi,
binti yako