Mifupa Haitaki Unyevu

Jumatatu, 27 Oktoba

Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Kufua. Viazi. Shule imefungwa wiki nzima, kwa hiyo binti yangu Rosa anashinda na Nonna, bibi yake, mama wa mume wangu Salvo, anayetoka mtaa wa Auderghem kuja kwetu Saint-Gilles na mkono kwenye plasta. Aliteleza mlangoni kwake. Hawezi kukanda mwaka huu. Donc nitakanda mimi.

Ni biskuti za mama yake, za Sicilia. Wanaziita mifupa ya wafu. Kwao, usiku wa kuamkia tarehe mbili Novemba, wafu wa familia huwaletea watoto biskuti hizo. Jioni nilimsikia akimwambia Rosa: «Mwaka huu ni papa atakuletea.» Rosa ana miaka mitano. Papa, baba yake, ndiye Salvo. Alikufa Februari, moyo ulisimama akiwa kazini. Nilikuwa namenya viazi. Nikaendelea kumenya.

Jumanne, 28 Oktoba

Unga na sukari uzito sawa, maji kidogo, karafuu ya kusaga. Sukari inachemshwa na maji, inamwagwa kwenye unga ingali moto, unakanda hapo hapo kabla haijagoma. Nonna alikaa kwenye kiti, akiniamuru kwa mkono wa kushoto. «Nguvu, ma fille. Unampapasa nani?»

Niliona lengelenge kidoleni kabla ya kusikia maumivu. Tangu Februari niko hivyo. Sijalia. Watu wanafikiri mimi ni jasiri. Hapana. Sisikii kitu, basi.

Tumekata vipande, tumevifinyanga kama mifupa. Vinakaa juu ya kabati siku tatu bila kufunikwa, vikauke. Vikikauka vizuri, ndani ya oveni sukari inashuka chini na kuwa kahawia, juu panabaki peupe, na uwazi ndani. Salvo alikuwa anakula ile ya chini tu. Nyeupe alimpa Rosa.

Jumatano, 29 Oktoba

Rosa amekojoa kitandani. Alishaacha zamani.

Anauliza: kengele ya chini imeharibika, papa atafunguliwa na nani? Nimesema tutaona. Jibu la kijinga.

Nimempigia maman yangu, Bukavu. Alicheka. «Wafu ya wazungu wanaletaka biskuti? Ya kwetu wanakuyaka kuomba tu.» Halafu akasema: «Usidanganye mutoto. Atamungojea.»

Alhamisi, 30 Oktoba

Kakojoa tena. Nimetundika mashuka jikoni juu ya radiateur ya kupasha nyumba joto, pamoja na sare yangu. Kwingine wapi? Vyumba ni viwili. Jioni dirisha lilikuwa linatoa jasho.

Nonna aliniambia nishushe sinia. Akagusa mfupa mmoja. Kidole kilizama.

«Umeanika nguo chumba kimoja na mifupa?»

«Ndiyo.»

«Siku tatu tu, na wewe unafua.»

«Mtoto anakojoa, Nonna.»

Alisema mama yake asingefua wiki hii hata nyumba inuke. Akaanza kulia. Akasema mimi hata kumlilia Salvo sijamlilia. Nilimvalisha koti, maana peke yake hawezi. Nikamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Ijumaa, 31 Oktoba

Siku ya tatu mfululizo. Nikivua foronya nimekuta râpe ndani, ile ya kukwangulia jibini.

Nimemuuliza Rosa. Nonna alimwambia wafu wanakuja pia kuwakwangua miguu watoto watukutu, kwa hiyo usiku ule râpe inafichwa. Ni utani wa kwao. Kwa Rosa si utani. Anataka baba yake aje na anamuogopa, yote mawili, na kichwa amekilaza juu ya chuma.

Nilikaa sakafuni bafuni. Hasira. Bon, angalau hiyo nimeisikia.

Mashuka nimeyapeleka lavoir, yakaushwe kwa mashine za huko. Radiateur nimefungua hadi mwisho, dirisha wazi kidogo. Nonna alipokuja nilimwekea râpe mezani. Nikasema kesho namwambia mtoto ukweli, mbele yako. Siombi ruhusa.

Aliishika muda mrefu.

«Salvo akiwa mtoto, usiku ule alikuwa analala na viatu,» akasema.

«Na wewe ulifanya nini?»

«Nilicheka.»

Leo hakucheka.

Jumamosi, 1 Novemba

Toussaint, sikukuu ya watakatifu wote. Mifupa imekauka, si yote. Nilimweka Rosa kwenye kiti jikoni. Nonna alisimama karibu na mlango.

Nikasema: papa hatakuja kesho. Amekufa. Waliokufa hawatembei, hawaleti kitu, hawamkwangui mtu. Biskuti tunapika sisi, kwa sababu yeye alizipenda.

«Na siku nyingine?»

«Hata siku nyingine.»

«Hata kengele ikitengenezwa?»

«Hata ikitengenezwa.»

Alilia mpaka akatapika. Nilimshika. Neno sikubadilisha. Nonna alitoka kwenye korido, akarudi, macho mekundu. «Maman yako anasema kweli. Mimi nimekosea.» Akamfuta pua kwa mkono ule mzima.

Baadaye Rosa alichovya vidole kwenye maji, akalowesha mifupa chini, mmoja mmoja, kama Nonna alivyomwonyesha. Bila hivyo sukari haishuki. Nikatia kwenye oveni. Nusu ilisimama, myeupe. Nusu ililala kama chapati, ile iliyokuwa upande wa mashuka. Nonna aliitazama, akasema chapati nayo inaliwa.

Jumapili, 2 Novemba

Rosa amelala mpaka saa mbili. Mkavu. Râpe ameirudisha mwenyewe kwenye droo, pamoja na vijiko.

Nonna alikuja mapema. Tukala tukiwa tumekaa watatu, maneno machache. Rosa alivunja mmoja, akala nyeupe, akanisogezea ya kahawia.

«Ya papa. Kula wewe.»

Nimekula. Ngumu. Nimeitafuna kwa jino la nyuma, likauma. Karafuu ilibaki mdomoni muda wote nilipokuwa nakunja mashuka.