Mama, Nilisoma Wasifu wa Mtu Mwingine

Mama uliyenizaa,

Leo ni siku ya nane tangu tukuzike, na alasiri mchungaji anakuja kuondoa matanga. Nakuandikia kabla hajafika.

Wakumbuka tulivyorudi kutoka maziko ya waumini, kitambaa cha kwaya begani pako, ukiuchambua wasifu uliosomwa kaburini? “Leo tumezika malaika,” ulininong’oneza mara moja. “Ule mulevi wa jirani tutamuzika lini?” Nilicheka hadi nikaketi njiani. Kisha nikakuhutubia kwamba wasifu ni utanzu wenye kanuni zake. Ukanikata: “We baki na kanuni. Mi siku yangu nataka watu wanijue.”

Siku yako ilipofika, nilimnyang’anya mzee wa kanisa kalamu, nikauandika mwenyewe. Nilikuita “mfanyabiashara wa kimataifa.” Beseni la karoti ulilobeba kichwani kila alfajiri, kupita mpakani Petite Barrière hadi Goma, miaka yote ya masomo yangu, sikulitaja. Wahadhiri wangu walikuwa wamesimama mbele, niliona aibu. Nyuma yao walikuwapo wanawake wa mpakani, waliotembea nawe.

Tuliporudi kunawa mikono, kama ilivyo desturi baada ya maziko, aliyenimiminia maji ni Mama Sifa, mwenzako wa foleni ya mpakani.

“Mutoto yangu, ule mutu ulisoma pale, mi simujue. Donc, basi, tulizika nani?”

Hakuketi hata kunywa fanta. Wenzake wakaondoka naye.

Asubuhi hii nimemfuata mpakani. Nimekiri yote, tena mbele za watu, nikamsihi aje alasiri, nisome wasifu wako upya kanisa likisikia. Alinisikiliza bila kulitua beseni lake.

“Bon, nitakuja. Lakini mama yako alikwisha kusikia ile ya kwanza.”

Tangu hapo, mama, nabisha hodi kwa kila hoja niliyofundishwa, hakuna inayonifungulia. Wafu hawasikii: nimelitetea hilo mara ngapi mbele ya wazee wa kanisa, nawe ukinivuta koti ninyamaze? Leo naomba liwe kweli, usiwe umenisikia pale kaburini. Kisha naomba lisiwe kweli, maana haya ninayoyaandika nimpe nani?

Pumzika, mama, kama unaweza.

Mwanao wa kwanza