Nafasi Tatu, Vijana Wanne, na Mmoja Analala Kwangu

Mpendwa Bi Olena,

Nakuomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimewauliza watu wote wa mji huu na kila mtu amenijibu kwa uhakika kabisa, na kadiri wanavyonijibu ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, mpaka juzi nimejaza dizeli kwenye gari la petroli, mimi niliyekulia shambani. Wanasema mficha uchi hazai, basi najifunua.

Mimi ni meneja wa timu ya vijana ya hoki ya barafuni, majina nitayabadilisha watu wasinijue, na timu yetu haina tajiri, ni ya mji wenyewe, inaendeshwa na bodi ya watu tisa ambao ni wakulima, daktari wa meno na muuza matairi mmoja mwenye mdomo, na mwezi uliopita tulifika fainali, jambo ambalo halijatokea tangu marehemu baba yangu akiwa anaweza kupanda ngazi za jukwaa, tukafika mpaka mchezo wa saba, ule wa kuamua, tukafika mpaka muda wa nyongeza, na hapo ndipo beki wetu mmoja, nitamwita Keegan, alipobanwa kwenye kona yetu akataka kukiondoa kisahani, huo ndio mpira wetu wa hoki, kwa nguvu, kikaruka juu ya kioo kinachozunguka uwanja kikaangukia mapajani mwa bibi mmoja safu ya nne. Wewe unaijua sheria, haina huruma, ukikirusha nje ya kioo ukiwa upande wako unafungiwa dakika mbili na wenzako wanabaki pungufu, na Keegan alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi la adhabu wale jamaa wakafunga, kombe likaenda, akabaki mle ndani ya kile kibanda mlango umefunguliwa na yeye hatoki.

Sasa natakiwa kuijenga timu upya. Tisa wameondoka, wengine umri umewatupa mkono, wawili wamechukuliwa na timu za watu wazima, bodi inataka damu changa, na mimi nina vijana wanne watakaotimiza miaka ishirini wakati ligi inaruhusu watatu tu wa umri huo, watatu, hakuna kubembeleza. Wa kwanza ni kipa, na bila yeye tusingefika hata robo fainali. Wa pili ni nahodha. Wa tatu ndiye anayetufungia mabao. Wa nne ni Keegan, na Keegan analala kwangu.

Hapo ndipo utanisema, najua. Vijana wetu wote wanaotoka mbali tunawapa familia za hapa mjini wakae nazo msimu mzima, ndiyo desturi, lakini mameneja wa zamani waliniambia, "Meneja hafugi mchezaji nyumbani kwake, utamlisha halafu utamuuza," nikacheka. Keegan alikuja akiwa na miaka kumi na sita kutoka mkoa wa Manitoba, mama wa nyumba aliyopangiwa akaugua, mke wangu Darlene akasema mlete kwetu wiki mbili tu. Wiki mbili hizo zimekuwa misimu minne. Ana kiti chake mezani, ana kikombe chake, mbwa wetu analala mlangoni kwake, hata ufunguo wa nyumba anao, na kule uwanjani ananiita bosi lakini nyumbani ananiita mzee, yaani tukivua viatu tu mlangoni nimeshakuwa mzee.

Basi kuna timu moja ya mkoa wa Alberta inamtaka. Mabeki wao wakubwa wameondoka wote, meneja wao ameniambia huyo kijana atacheza karibu nusu ya kila mchezo, na maskauti, wale watu wa vyuo wanaotafuta wachezaji, wanapita kwao kila wiki, na watanipa beki wa miaka kumi na saba, mrefu, ana miguu myepesi, ndiye hasa ninayemhitaji. Anataka jibu Ijumaa. Ukiniuliza kama meneja, nakwambia ni biashara nzuri kwetu na kwa kijana pia, maana hapa hata akibaki watamzomea. Nikiingia mkahawani yule muuza matairi wa bodi, nitamwita Mervin, ananyanyua kikombe chake cha kahawa juu ya kichwa na kusema, "Juu ya kiooo!" na meza nzima inacheka, na juzi akanifuata mpaka kwenye gari akasema, "Ukimbakiza tutajua unaendesha timu au unaendesha kituo cha watoto." Halafu akaongeza, kana kwamba ananifanyia wema, "Na huyo mrefu akija, chumba si kipo tayari kwako?"

Nikamwuliza kocha. Kocha akasema, "Mimi nafundisha waliopo. Kazi ya kumchagua atakayekuwepo ni yako, na namshukuru Mungu si yangu." Nikamwuliza Darlene, akaacha kuviringisha nyama kwenye majani ya kabeji, akanitazama, akasema, "Ukimuuza, nguo zake unazipanga wewe. Mimi mkono wangu haugusi hilo begi." Nikamwambia mke wangu, hii ni hoki. Akasema, "Sawa, na hili ni jiko, toka."

Nikimbakiza, watasema nimembakiza kwa sababu ni kama mwanangu, na Bi Olena, naogopa watakuwa wanasema kweli, maana juzi nilikaa na karatasi nikamfuta nahodha, nahodha wangu!, ili nafasi ya Keegan ipatikane, kisha nikajiona mwizi nikairarua. Nikimtoa, watasema nimemtupa kwa kosa moja, na hapo pia sijui kama si kweli, kwa sababu ile picha ya kisahani kikipita juu ya kioo naiona hata nikinyoa ndevu, na kuna asubuhi namwona jikoni anakunywa maziwa nasikia hasira, halafu naona aibu kwa hiyo hasira, halafu namkaangia mayai.

Na yeye mwenyewe simwelewi. Msimu ukiisha vijana wote hurudi kwao ndani ya siku mbili tatu, hata kuaga hawaagi vizuri, lakini huyu mpaka leo yupo, theluji imeyeyuka, watu wanapanda ngano, yeye yupo. Anasema anamsaidia Darlene kutengeneza ua. Ua umeisha, ameanza kupaka rangi banda. Begi lake la hoki liko gereji tangu usiku ule halijafunguliwa, linanuka mpaka mbwa anapita mbali, na Darlene alipotaka kulifua Keegan akasema, "Acha tu mama, huenda nikalibeba kama lilivyo." Mimi nikadhani ni uvivu. Halafu tangu fainali ananiita bosi hata nyumbani. "Bosi, nipitishie chumvi." Sijui nimemkosea nini, sijamwambia lolote, nimejitahidi sana nisimwambie lolote.

Hapa kwetu mchezaji akitolewa huitwa ofisini, au hupigiwa simu, unampa mkono, unamwambia asante kwa yote, anapewa tiketi ya basi, ufunguo anauacha juu ya meza ya jikoni, basi. Nimefanya hivyo mara nyingi. Sasa huyu nitampigia simu vipi, na yuko nje anapaka banda langu rangi? Nimbakize au nimtoe? Niambie moja tu, nitafanya.

Ni mimi,
Meneja Asiyejua Aendako


BI OLENA ANAJIBU

Meneja, pole. Nimeanza na pole kwa sababu mbele huko hutaipata tena.

Kwanza, umejisumbua bure kubadilisha majina. Timu iliyofungwa fainali mkoa huu ni moja, na kisahani chenyewe kilimwangukia dada yangu mapajani. Amekiweka kabatini karibu na vikombe vya harusi, na anasema kijana yule alimpungia mkono kumwomba radhi akielekea kwenye adhabu. Hebu fikiria. Fainali inamponyoka, na yeye anamwomba radhi bibi wa watu. Nakupa hilo ulichanganye na ile picha unayoiona ukinyoa.

Pili, unaniambia hujui la kufanya. Unajua. Soma barua yako mwenyewe. Kipa humwachi, mfungaji humwachi, nahodha ulimfuta ukajiona mwizi, na kweli ulikuwa mwizi. Kule kijana atacheza, ataonekana na watu wa vyuo, na hapa atakaa mwaka wake wa mwisho akinyanyuliwa vikombe vya kahawa na wanaume wazima wasio na haya. Kama angekuwa analala kwa daktari wa meno, ungeshapiga simu Alberta ukarudi kula. Kwa hiyo si hoki inayokuchanganya. Acha kuisingizia hoki.

Unachoogopa ni kwamba ukimtoa kwenye timu utakuwa umemtoa nyumbani. Nani alikwambia hayo ni kitu kimoja? Ni wewe ulivyozoea, mkono, asante, tiketi ya basi, ufunguo mezani. Umewafanyia hivyo watoto wa watu miaka yote, na leo imekufikia mlangoni ndiyo unaona ilivyo chungu. Vizuri. Kumbuka hilo na kwa hao wengine.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe inabidi uambiwe. Unauliza kwa nini haendi kwao. Baba, anakungoja wewe! Begi hafungui kwa sababu anajua kuna safari. Bosi anakuita kwa sababu amesikia kimya chako akakielewa kuliko unavyokielewa wewe, akaona amhame mzee mapema kabla mzee hajamhama. Anapaka banda rangi ili siku ukimtazama usione kisahani peke yake. Unajisifu umejitahidi usimwambie lolote! Mwezi mzima mtoto anapitishiwa chumvi na mtu anayejitahidi asimwambie lolote. Mimi ningekuwa Darlene, hata hilo jiko usingeliona.

Sasa nisikilize. Leo, siyo Alhamisi, nenda ukachukue brashi ya pili upake naye. Wanaume wanaongea vizuri wakiwa wanatazama ukuta. Mwambie kuna timu inamtaka, itaje jina, mwambie watamchezesha vipi. Mwambie kwa mdomo wako kwamba fainali hatukufungwa na yeye, tulikuwa na dakika sitini za kufunga tukazitupa. Halafu muulize yeye anaonaje, na unyamaze umsikilize mpaka amalize, maana huenda ana neno ambalo hakuna bodi wala kocha aliyelifikiria. Lakini angalia, usimwombe akuchagulie. Uamuzi ni wako, mzigo ni wako. Ukimtwisha yeye ili ulale usingizi, nitakuja mwenyewe hapo uwanjani, nina tiketi ya msimu.

Bodi usiiulize tena. Iarifu. Na huyo Mervin mwambie Bi Olena amesema hivi: beki mpya mrefu anahitaji familia, na mtu mwenye wivu wa vyumba vya wenzake bila shaka kwake pia chumba kipo. Amlishe yeye msimu mmoja, tuone kama mwakani atanyanyua kikombe. Chumba cha Keegan kisiguswe. Kitanda kibaki, mbwa abaki mlangoni.

Hilo basi lenu asipande. Mpeleke wewe na Darlene kwa gari, na uhakikishe ni petroli. Mkifika, usimpe mkono kama wa ofisini. Unajua la kufanya, au muulize mkeo.

Kabla ya kuondoka ataweka ufunguo juu ya meza ya jikoni, kwa sababu ndivyo alivyowaona wenzake wakifanya. Uchukue, umrudishie kiganjani, umfunge vidole. Nafasi tatu ni sheria ya ligi. Mezani kwako ligi haina kauli.

Na lile begi lifue leo, wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Mtu hatoki kwao na nguo chafu.