Masika wa Kavira Ametoka

Bwera, Jumatano. Asubuhi hii mvua imeacha. Kuna ukungu mwepesi, na milima imeanza kuonekana.

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa,

Kabla ya salamu: binti yako Masika ni mzima. Amevunjika mkono wa kushoto, umefungwa plasta, na asubuhi hii amemaliza uji wote. Sasa naweza kukusalimu vizuri. Hamjambo huko Butembo? Mama amepona kikohozi? Sisi huku tunapumua.

Najua habari zilivuka mpaka kabla ya barua hii, na labda zilifika zimeharibika, kwa hiyo nakueleza kwa utaratibu. Juzi asubuhi mto Lhubiriha ulifurika, ukala ukingo hadi chini ya jengo ambamo Masika anajifunza ushonaji. Mimi nilikuwa sokoni napanga vitenge. Tukasikia kishindo kama lori limemwaga mawe. Nilipofika, upande wote wa nyuma ulikuwa umeporomoka.

Wanaume walichimba kwa majembe na kwa mikono, pamoja na wanajeshi. Mchana mtu akapiga kelele, "Masika ametoka!" Watu wakaweka majembe chini. Akina mama wakaanza wimbo wa shukrani, na mimi niliimba, yaya, huku nikisukuma watu nimfikie. Aliyelala kwenye machela alikuwa mama wa makamo, muuza maharagwe kutoka Munkunyu aliyekuwa amejikinga mvua humo.

Nikamkimbilia mkubwa wa wanajeshi, mtu wa mbali asiyejua mila zetu. "Afande, huyu si wetu. Wetu iko ndani bado."

"Mama, tumetoa Masika. Unataka Masika ngapi?"

"Afande, kwetu kila binti wa kwanza ni Masika!"

Hakuamini. Akageukia umati akaita, "Masika!" Wanawake wakaitika kutoka kila upande, na mmoja akamuuliza, "Unataka nani kati yetu, afande?" Hakucheka. Akaokota jembe yeye mwenyewe.

"Rudi kazi! Wote! Na wewe mama, ita wako. Wengine nyamaza!"

Nikainama kwenye ufa wa zege. "Masika wa Kavira! Muvivu wa kuamuka! Unalala mpaka saa hizi?"

Nikatega sikio kwenye ufa. Halafu sauti ndogo kutoka chini: "Mama mudogo, leo sikulala!"

Alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na meza hiyo ndiyo iliyozuia ukuta. Walimtoa kabla ya jua kuzama. Aliniambia kwamba aliusikia wimbo ule juu ya kichwa chake, akaelewa kuwa wanamshukuru Mungu kwa Masika mwingine. Hilo ndilo lililomliza, si mkono.

Usimtume mtu kumchukua sasa, barabara ni tope. Plasta ikitolewa nitamleta mwenyewe.

Msalimie shemeji, baba wa Masika, umwambie aache kufunga, ale. Msalimie Mama, na mjomba mwenye duka la dawa. Katekista aliyemfundisha binti yako mwambie maombi yalifika.

Mimi mdogo wako,
Kavugho

Nimesahau hili. Jana usiku nilikuwa namwita kila mara gizani, "Masika wa Kavira?" naye anaguna. Mwishowe akasema, "Mama mudogo, uniache nilale." Ilikuwa saa nane. Nikalala.