Ngozi ya Tumbo Mkononi

Salma mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Bububu sote wazima, ingawa sote siku hizi ni mimi na paka.

Wewe unayesomea upasuaji umeniuliza vipi mkono wangu ulipona. Mashine ya kukunia nazi iliponichuna mkono wa kulia ujanani, daktari aliushona mkono kwenye tumbo langu, ngozi ya tumbo iufunike. Mama yangu akalia, "Mfungueni mwanangu!"

"Bado, bi mkubwa," daktari akamwambia. "Tukiikata ngozi kabla haijazoea damu ya mkono, itakufa."

Wageni niliwapa mkono wa kushoto, kwa haya. Kila asubuhi muuguzi aliibonyeza ngozi kwa kidole, akangoja rangi irudi, ajue damu inapita. Mwisho wakaitenga na tumbo, ikaishi.

Siku hizi hakuna wa kuibonyeza. Nnaibonyeza mwenyewe, rangi inarudi, halafu nnatazama mlango.

Bibi yako